Chumba cha Mahindi

Katika nyumba ya marehemu mzee Kalinga, pale unapoiacha Kalenga nyuma na kushuka kuelekea mtoni, mahindi yalikuwa na chumba chao kabla ya watu kugawana vilivyobaki. Kilikuwa chumba cha mashariki. Jua la asubuhi liliingia humo kwanza, likapasha ukuta, na ukuta ukabaki mkavu hata katika miezi ya mvua, wakati kila kitu kingine katika nyumba ile, kuanzia magodoro hadi kiberiti, kilikuwa na unyevu. Dirisha lake lilikuwa la mninga, lenye bawaba za chuma. Nyuma ya dirisha hilo, tangu sakafuni hadi karibu na kenchi, yalipangwa magunia, na hapakuwa na mtu wa nyumba ile aliyeona ajabu. Huko Uheheni mahindi hulala ndani. Yakilala nje huamkia kwa jirani.

Verediana aliona ajabu, lakini yeye alikuwa mgeni. Alitoka Rujewa, kwenye mabonde ya mpunga, ambako mavuno yakiingia ndani huwa njiani tu kwenda mashineni, na hakuna anayeyatandikia. Clement Kalinga alimkuta huko. Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, kijana mpole, mcheshi akiwa mbali na kwao, mwenye vumbi la pumba kwenye kope. Walifunga ndoa kanisani, akamleta kwa mama yake, akarudi kwenye mashine yake. Aliahidi kuja kila mwisho wa mwezi, na kweli alikuwa akija, na mchele kidogo na uchovu mwingi.

Chumba cha tatu, cha magharibi, ndicho walichopewa maharusi. Kilikuwa chembamba, kimebanana na jiko la nje, na dirisha lake, lisilozidi ukubwa wa sinia, liliingiza moshi kuliko mwanga. Nguo ukizisahau humo kidogo tu, ziliota ukungu. Verediana alilala humo mwaka na zaidi bila kulalamika, kwa sababu mtu mzima hujua kulala popote. Ni tumbo lilipokuwa kubwa ndipo pua yake ilipoanza kukikataa.

Ilimwanzia kwenye masufuria. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imezichoma nyasi hadi zikawa nyeupe, aliyachukua masufuria yote akayapeleka bombani, akayasugua kwa mchanga mpaka yakatoa mng'aro ambao hayakuwa nao tangu yatoke dukani. Kesho yake akafua mapazia. Kisha akasugua miguu ya vigoda, akakwangua masizi kwenye paa la jiko, akachemsha vijiko. Hakuweza kupita penye utando wa buibui bila kurudi na fagio. Hakuwa na mpango wowote kichwani. Mikono ndiyo iliyokuwa inaongoza, na yeye akiifuata kama mtu anayefuata ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Akikaa, kitu ndani ya mifupa kilimwinua.

Damari, jirani yake, mwanamke wa watoto watatu na ulimi uliowatosha wote watatu na baba yao, alimkuta akiosha kuni.

“Sasa kuni unaziosha ili ziungue zikiwa safi?” aliuliza.

Verediana akatazama kile alichoshika, wakacheka wote wawili mpaka akashika kiuno. Damari akamweleza kwamba ni kawaida, kwamba yeye kwenye mimba ya pili alifua hata magunia ya mkaa, na kwamba kuku naye akikaribia kutaga hukwaruza kona zote za nyumba, usipomwekea mahali atajiwekea. Muuguzi wa kliniki alisema karibu hayohayo, ila aliongeza onyo. Mahindi yakishawekwa dawa ya vidonge, alisema, mtu asilale nayo nyumba moja, hasa mtoto mchanga, kwa maana hewa ya dawa hiyo haina huruma na mapafu madogo. Aliyasema kwa benchi zima. Wanawake wakaitikia vizuri, wakarudi nyumbani kulala na mahindi yao.

Lakini Verediana alirudi akiwa amejua mikono yake inatafuta nini. Ilikuwa imeizunguka nyumba nzima ikitafuta mlango mmoja.

Magunia ya mwaka uliopita yalikuwa yamebaki machache. Mapya yalikuwa bado shambani, yakikaukia kwenye mabua. Mavuno na mtoto vilikuwa vinakuja mwezi mmoja, na chumba kikavu kilikuwa kimoja.

Mama mkwe wake, Severina, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kupima maneno kama anavyopima chumvi. Alikuwa amezaa sita na kuwakuza wote. Wakubwa walitawanyika hadi Makongolosi kwenye dhahabu, na Clement ndiye kitinda mimba. Hakuwa mkatili. Alimpa mkwe wake kipande kizuri cha nyama, alimkataza kubeba ndoo, alimwamsha mwenyewe siku za kliniki. Ila jambo moja hakutaka kulisikia, nalo ni vitu vya mtoto kuingia nyumbani kabla ya mtoto. Kanga za kupokelea, kofia, sweta, vyote alivikataa. “Usimwite mtu kabla hajajiita,” alisema mara moja, na hakurudia. Kwa hiyo Verediana alivinunua kimyakimya siku za gulio, akavificha kwa Damari, na mara nyingine akaenda kuvitazama tu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Siku aliyouliza, walikuwa wamekaa uani wakichambua maharage.

“Mama, kile chumba cha mahindi.”

“Kina nini?”

“Yamebaki magunia machache. Nilikuwa naona mwaka huu mapya tungeyatafutia pengine, hata sebuleni. Mtoto apate pakavu.”

Severina aliokota jiwe kwenye ungo, akalitazama, akalitupa.

“Kile chumba kina wenyewe.”

“Mahindi, Mama?”

“Nimesema kina wenyewe. Watoto wote wa nyumba hii wamelala magharibi, mama kijacho, na hakuna aliyeota ukungu. Au kwenu watoto huanikwa juani kama mpunga?”

Verediana alicheka kidogo, kama inavyompasa mkwe. Aliona wazi, au alidhani anaona wazi, kwamba katika nyumba ile gunia lilikuwa na heshima kuliko tumbo lake. Wazo hilo lilikaa naye. Alilala nalo, aliamka nalo, alilipikia.

Clement alipokuja mwisho wa mwezi, alimwambia yote, hadi maneno ya muuguzi. Clement alisikiliza huku akijinyoosha viungo. Alimwambia ayatoe tu magunia yale, kwa mama ataongea yeye. Verediana akamwuliza ataongea lini. Akasema kabla hajaondoka. Asubuhi alikunywa chai na mama yake, wakazungumza habari za mvua, za padri mpya, za kaka yake aliyeko Makongolosi, akainuka, akafunga mkoba wake, akaenda zake Rujewa. Ya chumba hakuyagusa. Verediana alikuwa mlangoni akisikia yote, na bado alijiambia kwamba mume amesema toa, na neno la mume ni neno. Mtu anayetaka kitu kwa mifupa hashindwi kupata ruhusa.

Nafasi ilipatikana wakati wa kuvuna. Shamba la Kalinga lilikuwa ng'ambo ya mto, na kila mwaka Severina alihamia huko na vibarua, akilala kibandani mpaka mahindi yote yavunjwe, kwa sababu mahindi yaliyolala chini bila mlinzi huota miguu. Alimwachia mkwe wake kuku na funguo. “Usijichoshe,” alimwambia. “Kaa tu.” Akashuka na njia yake, panga mkononi, kapu kichwani.

Kabla jua halijapanda, Damari alikuwa amefika. “Wewe beba tumbo, mimi nabeba gunia,” alisema, na hivyo ndivyo walivyofanya. Magunia yakahamia jikoni moja moja. Kila lililotoka liliacha nyuma yake harufu ya vumbi la zamani, na unga wa mahindi yaliyotafunwa na dumuzi ukanyesha sakafuni kama majivu. Verediana alifungua dirisha la mninga kwa kulipiga na mchi. Mwanga uliingia ukasimama katikati ya chumba, ukiwa na vumbi tele ndani yake.

Nyuma ya gunia la mwisho, kwenye ukuta, tofali moja lilikuwa limetolewa zamani, pakabaki kijishubaka kama rafu ndogo. Panya walikuwa wamejenga humo. Verediana aliingiza mkono na ufagio mfupi, akavuta, na kiota kizima kikaja: mabua, nyuzi za magunia, na zaidi ya yote vipande vya sufu ya manjano, vilivyotafunwa vikawa laini kama pamba. Kipande kimoja kilikuwa bado na ukingo uliofumwa kwa mkono, mshono wa kurudia, wa subira. Alidhani ni soksi. Ndani ya sufu ile kulikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, visivyo na macho bado, vikitafuta.

Alisimama navyo kwenye beleshi.

“Na hawa nao,” alisema.

“Panya hana ubatizo,” Damari alijibu. “Peleka.”

Akapeleka. Takataka zote za chumba kile zilichomwa kwenye shimo nyuma ya jiko, na sufu ikaungua haraka, kwa harufu ya nywele.

Kisha zikaja siku ambazo Verediana, akizikumbuka leo, huzikumbuka kama za mtu mwingine. Kule mtoni, chini ya kingo, kuna udongo mweupe ambao wanawake wa pale husiribia nyumba zao. Aliushuka mteremko taratibu, akashikilia vichaka, akachimba, na Damari akabeba. Aliukanda kwa maji na mavi kidogo ya ng'ombe, akausiriba ukuta kwa kiganja, kuanzia kona ya dirisha. Kiganja kilienda kwa nusu duara, kikarudi, kikaacha alama kama mawimbi madogo, na alama zile zikasogea ukuta hadi ukuta. Chini alipiga mkanda wa udongo mwekundu. Kijishubaka cha tofali hakukiziba. Alikilainisha pembe, akawaza kwamba hapo patakaa mafuta ya mtoto. Alipigilia msumari wa chandarua. Alivileta vitu vyake kutoka kwa Damari mchana kweupe, akavipanga ndani ya boksi la sabuni. Ilipofika mchana ukuta ulikuwa umekauka, akatandika mkeka, akajilaza kwa ubavu, na mtoto akajigeuza tumboni, kwa uzito, kama mtu aliyefika na kutua mzigo. Hakuna kitu kilichomwinua tena. Mifupa ilinyamaza.

Severina alirudi siku ambayo ukuta ulikuwa bado na harufu ya mto. Verediana alimpokea kapu, akampigia magoti, akamwambia pole na kazi. Macho ya Severina yalikwenda kwenye magunia jikoni, yakaenda kwenye mlango uliokuwa wazi, yakabaki hapo. Alikwenda akasimama kizingitini. Hakuingia. Alitazama ukuta mmoja, akatazama mwingine, akatazama boksi la sabuni na kofia ndogo nyeupe iliyokuwa juu yake.

“Na pale ukutani,” alisema mwishowe, akionyesha kwa kidevu. “Pale penye tofali. Ulikuta nini?”

“Panya, Mama. Walikuwa wamezaliana. Nimetoa uchafu wote.”

“Ukaupeleka wapi?”

“Nimechoma.”

Severina akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu. Akaenda nyuma ya jiko. Kupitia ufa wa mlango Verediana alimwona amesimama juu ya shimo la majivu, mikono nyuma, kwa muda mrefu. Hakula chakula cha jioni. Alisema vumbi la shamba limemjaa tumboni. Asubuhi alimsalimia mkwe wake kama kawaida, akamuuliza kama mtoto amecheza, na Verediana akajiambia, kwa furaha ambayo baadaye aliionea aibu, kwamba ameshinda.

Uchungu ulimshika siku chache baadaye. Alipelekwa hospitali mjini Iringa kwa bajaji, Damari akiwa upande mmoja na Severina upande mwingine, na Severina alimshika mkono njia nzima, akiubana kila barabara ilipoharibika. Alijifungua mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Lakini damu ilikataa kukatika upesi, wakamzuia wodini. Kila siku Severina alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Alimbeba mtoto, akamfunika, akamfunua, akamsikiliza akilia. Wanawake wa vitanda vya jirani walimwambia Verediana kwamba amebahatika, mama mkwe wa namna hiyo hapatikani. Mtoto alipokuwa akilia, Severina hakumbembeleza haraka. Alimwacha alie kidogo kwanza, akiwa ameinamisha sikio.

Clement aliomba ruhusa kazini, akaja. Lakini hospitali alifika siku ya kuruhusiwa tu, na mikono yake ilikuwa na michubuko mipya. Verediana aliiona alipompokea mtoto. Alimuuliza ametoka kubeba nini. Alisema amesaidia nyumbani kidogo. Ndani ya bajaji alizungumza mfululizo, habari za bosi wake, habari za jina. Alitaka mtoto aitwe Happy, kama binti wa bosi, jina jepesi, la kisasa. Ukimya haukupata nafasi mpaka walipoufikia mteremko wa nyumbani.

Harufu ndiyo iliyompokea. Ilikuwa kama kitunguu saumu kilichooza, imesimama uani kabla ya mlango. Majirani walikuwa wamekuja, wakasalimu kwa kamwene, wakapiga vigelegele, na Verediana alipita katikati yao akiwa na mtoto kifuani, akaingia sebuleni, akasimama. Mlango wa mashariki ulikuwa umefungwa. Pande zote, juu na chini, nyufa zake zilikuwa zimezibwa kwa udongo ili hewa ya dawa isitoke. Udongo wenyewe ulikuwa mweupe. Ulikuwa wake, ule aliouchimba mtoni, uliobaki kwenye ndoo.

Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Alitazama juu, pale ukuta ulipokomea na giza la paa kuanza, akavuta kanga juu ya uso wa mtoto, akatoka nje.

“Clement,” alisema. Hakupaza sauti, watu walikuwepo. “Umeyaingiza wewe?”

“Mama alisema yasilale nje. Na wezi wa mwaka huu unawajua.”

“Ukamwambia nini?”

“Ningemwambia nini? Nyumba ni yake.” Akatazama michubuko yake. “Ni mpaka dawa iishe nguvu tu. Halafu mtahamia magharibi. Si tulikuwa tunalala huko?”

Jikoni palikuwa pametengenezwa. Hilo nalo lazima lisemwe. Sakafu ilikuwa imefagiliwa ikamwagiwa maji, nyasi kavu zimetandazwa nene, godoro la Severina mwenyewe limewekwa juu yake, na chandarua kimefungwa kwenye boriti. Boksi la sabuni lilikuwa pembeni, na kila kitu ndani yake kimekunjwa upya, vizuri kuliko alivyokunja yeye. Moto ulikuwa unawaka. Kofia nyeupe ilikuwa inapashwa joto karibu na mafiga, juu ya kigoda alichokisugua miguu kwa mkono wake.

Clement alikaa kidogo, akarudi Rujewa. Wakabaki wanawake wawili na mtoto katika jiko moja.

Kila asubuhi Severina alimkanda. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akachovya taulo, akalikamua, akaligandamiza kiunoni, tumboni, mapajani, kama wanavyokandwa wazazi wote wa pale ili damu mbaya itoke na mifupa ijifunge. Alikuwa na mikono mizuri. Verediana alijiachia mikononi mwake akimchukia, na mwili wake, usio na aibu, ukapona. Kwa siku nyingi hawakusema lolote isipokuwa geuka, inua mguu, maji yako yamepoa. Kisha asubuhi moja, mtoto akiwa amelala, Severina alianza kusema, mgongo wa mkwe wake ukiwa umemwelekea.

“Watu husema nimezaa sita.”

Verediana aligeuza shingo kidogo.

“Kabla ya hao sita kulikuwa na wa kike. Nilikuwa nimeolewa kama wewe, mgeni kama wewe, kwetu ni mlima ule wa pili. Mimba ilipokomaa nikashikwa na huo wazimu wa kusafisha. Kile chumba nilikisiriba mwenyewe. Kalinga akatoa tofali moja ukutani, nipate pa kuweka vitu. Nilifuma kofia.”

Taulo likaingia majini, likatoka, likakamuliwa.

“Alizaliwa kimya. Akina mama wakamchukua. Nikaambiwa nisilie, nikilia nitafunga kizazi. Hakukuwa na msiba, hakukuwa na mtu aliyesema pole, maana huwezi kumpa pole mtu kwa kitu ambacho hakikuja. Kaburi sikuonyeshwa. Najua ni nyuma ya nyumba, lakini wapi, sijui. Mpaka leo nikilima nyuma ya nyumba silimi kwa nguvu.”

Nje kuku alikuwa anaita vifaranga. Severina alimngoja anyamaze.

“Mavuno yalipoingia nikamwambia Kalinga aweke humo. Mahindi hayamwiti mtu. Nikasema asilazwe mtoto tena katika kile chumba, na hakulazwa. Nao sita wakaishi. Wewe ukaja ukafungua dirisha.”

“Ungeniambia, Mama.”

“Nikuambie habari ya mtoto aliyekufa, na wewe una tumbo?” Severina alisema hivyo kwa mshangao wa kweli. “Nani hufanya hivyo?”

Na kweli hakuna afanyaye hivyo. Kwao Verediana hali ni hiyohiyo; mbele ya mjamzito mauti hayatajwi, hata ng'ombe wakifa husemwa wamehama. Alilala pale akiona jinsi jambo lilivyokwenda: mwenye kujua alifungwa mdomo na tumbo lilelile lililomsukuma asiyejua. Aliiona kofia ya manjano, ukingo wake wa subira, ikiungua upesi kwa harufu ya nywele. Aliwaona panya wadogo wasio na macho. Alielewa. Alielewa hadi mwisho, na kuelewa huko kukamkasirisha zaidi, kwa sababu kulimnyang'anya hata mtu wa kumlaumu. Chumba hakikurudi. Wiki chache zijazo angembeba mtoto wake na kumlaza magharibi, kwenye ukungu na moshi, na angemsikia akikohoa usiku wa masika, wakati ng'ambo ya sebule magunia yakiegemea ukuta aliousiriba kwa kiganja. Kuelewa si chumba. Hakuna mtoto aliyewahi kulazwa ndani yake akapata joto.

“Niliichoma mimi, ile kofia,” alisema.

“Najua.”

“Sikujua ni nini.”

“Najua hukujua.”

Taulo lilipita begani, likashuka na uti wa mgongo. Severina alikuwa anafikiri. Mikono ilipunguza mwendo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini, ya kuomba, sauti ambayo Verediana hakuwahi kuisikia katika nyumba ile.

“Hilo jina la Clement, Happy, ni la mtoto wa watu. Mimi yule wangu nilimpa jina. Moyoni tu, sikumtamkia mtu, wala padri. Nimekaa nalo miaka yote hii, sina wa kumwita. Nimemsikia huyu analia, pale hospitali, nikasema moyoni, huyu angeweza kuitikia. Ukikubali, nikuambie ni lipi.”

Verediana alimtazama mtoto. Alikuwa amelala na ngumi shavuni, kwenye nyasi, chini ya paa la masizi ambayo mama yake aliyakwangua na ambayo yalikuwa yameanza kujirudia. Katika nyumba nzima ya Kalinga, kuanzia msingi hadi bati, hiki ndicho kitu pekee kilichokuwa chake, na sasa palikuwa na mtu aliyekiomba kwa unyenyekevu, mtu ambaye yeye aliwahi kumwomba kwa unyenyekevu.

“Jina hilo lina mwenyewe, Mama,” alisema.

Severina alichovya taulo kwenye sufuria, akalikamua kidogo tu, akaliweka mgongoni mwa mkwe wake na kuligandamiza kwa viganja vyote viwili. Maji yalikuwa ya moto sana. Verediana aliuma kanga, wala hakusema kwamba yanaunguza, na Severina hakuuliza.